Honi inayobisha hodi

Gari lina taa za kila namna. Kuna za kuonyesha linakata kona, za kuonyesha linafunga breki, za kuonyesha linarudi nyuma, na za kuonyesha limekwama. Ikija zamu ya sauti, linajua neno moja tu, na neno hilo hulitamka kwa kupiga kelele. Honi inayomwokoa mtoto aliyekimbilia mpira barabarani ndiyo hiyohiyo inayomwambia dereva wa mbele kwamba taa zimekuwa kijani, inayomsalimu jirani, inayomshukuru aliyekupisha, inayomwita abiria atoke ndani, na inayomtukana mtu msiyejuana. Anayeisikia hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo. Basi huchukua ile mbaya zaidi.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu kwa sababu naendesha gari na pia natembea sana kwa miguu, na honi ukiwa ndani si honi ukiwa nje. Ndani, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinavuma, redio inaongea, na honi yako mwenyewe inakujia kama sauti ya gari la mtu mwingine. Nje, mita mbili kutoka kwenye boneti, inakupiga kifuani. Anayebonyeza haonji anachompa mwenzake. Mimi naamini honi yenye adabu inaweza kutengenezwa, tena leo, kwa vifaa ambavyo tayari vimo kwenye magari mengi mapya. Ila kwanza tuelewe hii tuliyo nayo ilikujaje kuwa hivi.

Magari ya mwanzo yalikuwa na kengele, filimbi na zile honi za mpira unaominya kwa mkono. Zilikuwa sauti za unyonge kidogo, na barabara zilizidi kujaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Miller Reese Hutchison akaja na Klaxon: gurudumu lenye meno linazungushwa na mota, meno yake yanakwaruza kijiti kilichoshikizwa katikati ya kiwambo cha chuma, na kiwambo kinalia ule mlio wa kukoroma na kupanda ambao bado tunausikia kwenye sinema za zamani. Hutchison huyohuyo alikuwa ametengeneza kifaa cha umeme cha kuwasaidia wenye usikivu hafifu. Mtu aliyelijua sikio kiasi hicho alijua pia lilipo jeraha lake, na Klaxon iliuzwa kwa kulitonesha.

Honi ya leo ni rahisi zaidi. Fungua moja utakuta kikombe cha bati, koili ya waya, kiwambo chembamba cha chuma, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Ukibonyeza kitufe, umeme unapita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, sumaku inavuta kiwambo. Kiwambo kikivutwa kinavitenganisha vile vipande viwili, umeme unakatika, kiwambo kinarudi, vipande vinagusana tena. Mzunguko huo unajirudia mara mia kadhaa kwa sekunde, na huo ndio mlio. Kifaa hiki hakijui nusu. Ama umeme upo, ama haupo. Hakuna mhandisi aliyekaa akaamua kwamba magari yazungumze kwa ukali siku zote. Ukali ni tabia ya sumaku na bati, nasi tukaizoea tukadhani ndiyo tabia ya barabara.

Magari mengi hufungwa honi mbili pamoja, moja ikilia karibu na hezi 400, yaani mitetemo 400 kwa sekunde, nyingine karibu na hezi 500. Tofauti kati ya toni hizo inazaa mtetemo wa haraka ndani ya sauti, ukakasi fulani unaosikika kama sauti inajikwaruza yenyewe. Mwaka 2015 watafiti akina Luc Arnal na David Poeppel walichapisha uchunguzi wao kuhusu mayowe ya binadamu, wakaonyesha kwamba kinachoyafanya yatushtue ni ukakasi wa aina hiyo hasa, mtetemo wa kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba ving'ora vya tahadhari vina ukakasi uleule. Hezi 500 kutoa 400 ni 100. Kwa hiyo ukimpigia mtu honi umempigia yowe, hata kama moyoni ulitaka kusema ahsante.

Halafu kuna nguvu yenyewe. Kanuni Na. 28 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inataka honi ya gari ipimwe kwa umbali wa mita 2, na katika masafa ya hezi 1,800 hadi 3,550, eneo ambalo sikio letu ni kali mno, itoe kati ya desibeli 105 na 118. Sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu kwenye uwazi. Kwa hiyo honi ya desibeli 110 mita 2 mbele ya gari itafika ikiwa na kama 76 kwa mtu aliye mita 100. Hesabu hiyo inaeleza kila kitu. Honi imepangwa kwa ajili ya yule wa mbali, aliye ndani ya gari lingine, vioo vimefungwa, barabara kuu, mwendo kasi. Kwake ni kiasi cha haki. Lakini anayeipokea mara nyingi zaidi ni yule aliye mita mbili, anayevuka na mfuko mkononi.

Mwili nao una sheria zake. Sauti kubwa inayofika kileleni ndani ya milisekunde chache huamsha mshtuko ambao hauombi ruhusa kwenye akili: macho yanafumba, shingo inajikunja, mabega yanapanda. Niliwahi kuliona hili kwa karibu nikiwa nimesimama pembeni ya barabara nyembamba. Mwendesha baiskeli alikuwa anakwepa shimo, gari likatokea nyuma yake, dereva akapiga honi moja fupi. Bila shaka alimaanisha "nipo nyuma yako, napita." Yule wa baiskeli mabega yalipanda, kichwa kikageuka kutazama nyuma, na gurudumu la mbele likafuata kichwa, likaingia njiani mwa gari. Dereva alifunga breki kwa nguvu na wote wawili wakasimama wakitazamana kwa hasira. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Chombo kilichokuwa kati yao ndicho kilichowagombanisha.

Sasa, watu wakisikia "honi ya upole" wengi hufikiria honi tamu. Waziri wa barabara wa India, Nitin Gadkari, amewahi kupendekeza honi zitoe sauti za ala za muziki za kwao, kama filimbi, tabla na harimoni. Tesla mwaka 2020 iliwaletea wateja wake programu ya kutoa sauti za kila aina kupitia spika ya nje, na mwaka 2022 ikalazimika kuizuia gari likiwa linatembea, katika magari zaidi ya laki tano ya Marekani, kwa sababu sauti hizo zingeweza kufunika mlio unaowatahadharisha watembea kwa miguu. Naielewa hamu hiyo, na ninamheshimu kila anayechoshwa na makelele. Ila sikubaliani na njia. Filimbi yenye desibeli 110 bado ni kofi. Na muziki barabarani unaweza kutoka dukani, kwenye simu au harusini. Anayeusikia anapoteza nusu sekunde akijiuliza ni nini, na nusu sekunde kwenye barabara ni umbali mrefu.

Adabu ninayoizungumzia ni ile ya mtu anayebisha hodi. Anayebisha hodi haimbi. Anagonga kwa nguvu inayotosha kusikika ndani ya nyumba hiyo na si nyumba ya pili, aliye ndani anajua ni mlango wake unaogongwa, kisha mgongaji anatulia kusubiri jibu. Honi ya sasa haifanyi lolote kati ya hayo. Inagonga milango yote ya mtaa kwa pamoja, na kwa kawaida haisubiri.

Wazo lenyewe si geni. Katikati ya karne iliyopita baadhi ya magari ya Ulaya yalikuwa na swichi kwenye dashibodi ya kuchagua honi ya mjini au honi ya nje ya mji, ya kwanza ndogo, ya pili kubwa. Swichi hizo zimepotea, na mimi naona ni hasara. Karibu zaidi na wakati wetu, Chevrolet Volt iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 ilikuja na tahadhari ya watembea kwa miguu: unatumia mkono wa indiketa na gari linatoa mlio mfupi na laini badala ya honi yenyewe. General Motors, kampuni yenye chapa ya Chevrolet, ilikuwa imelijaribu jambo hilo kwenye gari lake la umeme EV1 la miaka ya 1990. Gari lisilo na ngurumo ya injini linamfikia mtu bila kumjulisha, na waliolitengeneza waliona kwamba kumstua kwa honi kamili ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake.

Kilichobadilika tangu hapo ni spika. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2019 kwa aina mpya za magari na tangu Julai 2021 kwa kila gari jipya, magari ya umeme na ya mseto yanatakiwa yatoe sauti yakienda taratibu, hadi kilomita 20 kwa saa. Marekani kiwango ni kama kilomita 30. Maana yake ni kwamba mbele ya magari mengi sasa kuna spika halisi inayoweza kutamka kwa sauti yoyote na kwa kiasi chochote. Sumaku na bati havitulazimishi tena.

Ningeanza na kitufe. Kwenye usukani wenye mfuko wa hewa, honi iko chini ya kifuniko kigumu cha katikati. Jaribu kutoa mlio mdogo wa "pip" pale. Unabonyeza kwa kidole gumba, hakuna kitu. Unaongeza, hakuna kitu. Unaweka kiganja kizima na mzigo wa bega, na ghafla unatoka mlio mrefu ambao hukuukusudia. Mkono umenuia jambo dogo, usukani umetafsiri kubwa. Basi honi ya upole iwe na mahali pake, kwenye mkono wa usukani ambapo kidole gumba kinalala chenyewe, iitikie mguso mwepesi. Katikati pabaki palivyo kwa ajili ya hatari. Mtu aliyepatwa na hofu hupiga katikati kwa kiganja bila kufikiri, na tabia hiyo isiguswe hata kidogo. Sitaki mtu yeyote aifanye honi ya hatari iwe laini. Yowe lina siku yake.

Kisha mlio wenyewe, na hapa ndipo nimetumia jioni nyingi kwenye kompyuta na spika iliyowekwa nje. Jambo la kwanza linalobadilisha kila kitu ni namna sauti inavyoanza. Chukua toni ileile, kwa kiasi kilekile, uiache ipande kwa sehemu ndogo ya sekunde badala ya kulipuka, na uso wa anayesikiliza unabadilika. Anageuka badala ya kuruka. Ila ukiiacha ipande polepole mno inaharibika kwa upande mwingine, kwa sababu sikio husoma sauti inayokua kama kitu kinachokuja, na mtu anaanza kukimbia asijue anakimbia nini. Nafasi kati ya mshtuko na tishio ni nyembamba, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ni ndani yake tu ndipo adabu inapokaa. Kwa toni, mimi napendelea mbili fupi, ya pili chini kidogo ya ya kwanza, zikifuatana bila kulia pamoja ili ule ukakasi usizaliwe. Toni inayoshuka inasikika kama sentensi iliyomalizika.

Halafu mwelekeo. Toni tupu, safi, ni ngumu mno kujua inatoka wapi, na mara nyingi mtu huchanganya mbele na nyuma. Masikio mawili hupima tofauti ya wakati kwa sauti nene na tofauti ya nguvu kwa sauti nyembamba, kwa hiyo sauti yenye masafa mengi kwa pamoja, kama mvumo wa maji, inayapa vidokezo vingi zaidi. Ndiyo maana malori na mashine za ujenzi katika nchi kadhaa yameacha ule mlio wa "bip bip" wa kurudi nyuma na kuweka wa "shh shh": unasikika vizuri kwa aliye nyuma ya lori na kufifia haraka kwa wasiohusika. Nilipochanganya toni zangu mbili na mvumo kidogo wa aina hiyo, marafiki walionipa mgongo walianza kunyoosha kidole moja kwa moja kwenye spika, mahali ambapo kwa toni tupu walikuwa wanasita. Kwangu huu ndio moyo wa jambo zima. Honi isiyojulikana inatoka wapi inamlaumu kila mtu. Watu kumi wanageuka, wanakagua mwendo wao, wanahisi wamekosea, na tisa kati yao hawakuhusika kabisa.

Kiasi cha sauti kiamuliwe na kelele iliyopo. Kwa ving'ora vya hatari viwandani, kiwango cha kimataifa ISO 7731 kinataka sauti izidi kelele ya mahali kwa desibeli 15 au zaidi. Kwa hodi, hata kumi zinatosha. Maikrofoni ndogo mbele ya gari inaweza kupima. Mtaa wenye desibeli 65 unahitaji hodi ya 75 au 80 masikioni mwa mlengwa, na ukilinganisha na 110, pengo la desibeli 30 ni nishati mara elfu moja. Usiku wa manane, mtaa ukiwa kimya, gari lenyewe litajua kunong'ona. Na mwendo ukipita kama kilomita 50 kwa saa, kitufe cha upole kilie honi kamili, maana kwa mwendo huo anayehitaji kusikia anahitaji kusikia kweli.

La mwisho kwenye usanifu wangu watu hulipinga nikiwaeleza, nami silitoi: honi ya katikati, ile kali, isikike ndani ya gari kama inavyosikika nje. Spika za redio zinaweza kuirudisha, kwa kiasi kilicho salama kwa masikio ya waliomo. Dereva aonje anachotoa. Kwenye hatari ya kweli haitamsumbua, atakuwa na mambo makubwa zaidi. Kwenye foleni itamfanya afikiri.

Najua pingamizi: ukiwapa watu honi isiyoudhi wataipiga kutwa. Ni hoja nzito. Namna moja ya kuijibu ni kuiwekea pumzi, yaani ikishalia mara mbili inyamaze kwa sekunde kadhaa, kama abishaye anavyosubiri. Lakini jibu langu kubwa linatokana na jaribio la zamani. Mwaka 1968 Anthony Doob na Alan Gross walichapisha walichokiona California: gari linasimama kwenye taa, taa zinakuwa kijani, dereva hasogei kwa sekunde 12. Likiwa gari kuukuu, asilimia 84 ya waliokuwa nyuma walipiga honi. Likiwa la kifahari, nusu tu. Na wanafunzi wa kiume walipoulizwa pembeni wangefanya nini, walidai wangelipigia la kifahari mapema zaidi. Honi nyingi za mjini, basi, hazihusu taa wala muda. Zinahusu nani anaweza kumfokea nani. Chombo ambacho hakiwezi kufoka hakina faida kwa anayetafuta wa kumfokea, na nafikiri hatakitumia sana.

Polisi wa Mumbai walichukua njia nyingine. Mapema mwaka 2020 walionyesha taa za barabarani zilizounganishwa na kipima sauti: kelele ikizidi desibeli 85, sekunde za taa nyekundu zinaanza kuhesabiwa upya. Ni ubunifu ninaoupenda. New York nayo kwa miaka mingi ilikuwa na vibao vya kutishia faini ya dola 350 kwa wapiga honi, hadi ilipoanza kuving'oa mwaka 2013. Adhabu inanyamazisha, lakini haimpi dereva namna nyingine ya kusema alichotaka kusema.

Sheria zenyewe zina busara kuliko tunavyozikumbuka. Mkataba wa Vienna wa 1968 unaruhusu honi kwa kuepusha ajali, na nje ya miji kwa kumjulisha unayetaka kumpita, basi. Uingereza inakataza kuipiga gari likiwa limesimama, na katika maeneo ya makazi kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1 asubuhi, isipokuwa mwingine akiwa hatari kwako. California inataka isikike umbali wa futi 200, kama mita 60, na papo hapo inakataza sauti kali kupita kiasi. Kikwazo kipo kwenye ile Kanuni Na. 28 inayotaka mlio mmoja, mfululizo, usiobadilika. Kwa honi ya hatari hilo ni sahihi kabisa. Ninachoomba ni kifungu cha pili kando yake: mlio wa hodi, wa mwendo mdogo, wenye kikomo cha juu cha desibeli na si cha chini peke yake, unaofanana kwenye magari yote ili mtu akiusikia popote aujue.

Na wa kuupima wasiwe madereva kwanza. Sauti za magari ya umeme zilipiganiwa na vyama vya wasioona, kwa sababu wao huvuka barabara kwa masikio. Ningewaomba wao. Magari mawili kwenye makutano, kelele za kawaida za mchana, moja linatoa hodi. Kisha maswali mawili kwa aliyesimama na fimbo ukingoni mwa barabara: ni gari lipi limekuita, na limetaka nini?